KONA YA MIKONO: Wino wa maji, na neno lililopotea kwenye fulana

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mikoba ya shule inayoshonwa kwa mashuka ya zamani, na tunawashukuru wale waliotuletea kazi zao tuzione. Mwezi huu tulipanga kuendelea na zipu na vifungo. Zipu zitangoja. Kuna jambo limetubana, na linahusu fulana.

Mnazikumbuka fulana za tarehe 20 Juni mwaka jana, Siku ya Wakimbizi Duniani. Sisi walimu wa kujitolea ndio tulizichapa, katika darasa la mwisho kule karibu na bomba. Zilikuwa nyeupe, maandishi ya buluu, mistari miwili: juu TUKO, chini PAMOJA. Siku ile zilipendeza kweli. Watu walipiga picha, na sisi tulitembea vifua mbele. Wiki moja baadaye mama mmoja aliingia darasani katikati ya somo la hesabu, akaikunjua fulana ya mtoto wake mbele ya wanafunzi wote, akasema: "Mwalimu, 'tuko' iko. 'Pamoja' imeenda wapi? Mi nilifua mara moja tu."

Watoto walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Na sisi tulicheka. Lakini jioni tulipoanza kupita nyumba kwa nyumba kuangalia, tulikuta ni vilevile karibu fulana zote. Mstari wa juu umebaki, wa chini umekuwa kivuli. Fulana zile zilinunuliwa kwa pesa za watu, na hakuna aliyetudai kitu. Kutodaiwa kulituuma kuliko kudaiwa.

Sasa mama zetu wa kikundi cha kushona wamekuja tena. Kwa pesa ya ikimina (kwetu ng'ambo tulizoea kusema likelemba) wamenunua fulana 36 huko Kamembe, nyeupe tupu, za kuchapa na kuuza kabla ya tarehe 20 Juni. Faida ni ya madaftari na sare za watoto. Mtu wa mjini alikuwa tayari kuwachapia, lakini wakasema watatupa sisi. Yaya mkubwa wa kikundi alituambia neno moja tu: "Tunawapa kwa sababu ninyi ni watoto wetu. Lakini hii si pesa ya kuchezea." Basi tumekaa, tumesoma, tumeuliza mafundi, na tumeharibu vitambaa vingi vya majaribio ili tusiharibu fulana. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza, wino wa maji ni kitu gani? Wengi hudhani ni rangi iliyoyeyushwa majini, kama vile chai. Sivyo. Ndani ya mtungi kuna vitu vitatu vikubwa. Kuna rangi yenyewe, unga laini sana usioyeyuka, ambao mafundi huuita pigimenti. Kuna gundi, ambayo katika wino mwingi wa siku hizi ni ya akriliki. Na kuna maji. Gundi ile haikuyeyuka majini, imetawanyika tu kwa vitone vidogo visivyoonekana, kama mafuta yalivyo ndani ya maziwa. Maji yakiondoka, vitone vinakaribiana na kugusana. Joto likija, vinalainika na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, vinaikumbatia rangi na kuung'ang'ania uzi wa kitambaa. Tafadhali shikeni hiyo habari ya joto, tutairudia.

Uko wino wa aina nyingine unaoitwa plastisoli, wa plastiki. Huo haukauki kamwe kwa upepo, unahitaji joto kali, na kuusafisha kunahitaji dawa zenye harufu ya petroli. Wenye kumbukumbu ya kampeni za uchaguzi kule kwetu Kongo mwaka 2006, na 2011 pia, wanazijua zile fulana ambazo picha ya mgombea iliganda kifuani kama ngozi ya pili, jua likiwaka unatokwa jasho chini yake, na baada ya miezi uso wa mheshimiwa unaanza kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nyingi za namna hiyo zilichapwa kwa wino wa plastiki. Wino wa maji unaingia ndani ya uzi, ukipitisha mkono huusikii sana. Unasafishwa kwa maji na sabuni. Kwa darasa lenye watoto na lisilo na madirisha makubwa, sisi hatukuwa na haja ya kufikiri mara mbili.

Sasa kuchanganya. Dukani unaweza kukuta wino ambao umekwisha changanywa, au ukanunua besi (hiyo gundi nzito kama mtindi) na vichupa vidogo vya rangi kali, ukachanganya mwenyewe. Njia ya pili inatufaa zaidi kwa sababu kwa besi moja unapata rangi zote. Sisi hatuna mizani, tunapima kwa kijiko. Vijiko 20 vya besi kwa kijiko kimoja cha rangi kali vinatoa rangi nzuri ya kawaida. Ukitaka iliyokolea, kijiko kimoja kwa vijiko 10, na hapo simama. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na sisi tukiwemo. Rangi ikionekana imepauka, mkono unakimbilia kile kichupa. Lakini gundi ina kiasi chake cha kubeba. Ukizidisha unga, sehemu yake inabaki bila gundi ya kuushika, na huo ndio unaotoka kwenye beseni siku ya kufua, hata kama ulipiga pasi kutwa. Mwaka jana tulikuwa na fulana nne nyeusi pia. Tulimimina buluu, tukaongeza, tukaongeza tena, na bado haikuonekana. Baadaye tulielewa kwamba besi ile inapitisha mwanga kama kioo: juu ya nyeusi, buluu itabaki kuwa nyeusi. Kwa kitambaa cheusi unahitaji besi nyeupe nzito, yenye unga mweupe wa titani, na mara nyingi unachapa mara mbili, katikati ukisubiri ikauke. Ni gharama. Ndiyo maana mama zetu wamenunua nyeupe.

Unapochanganya rangi mbili, anza na iliyo nyepesi, kisha udondoshee iliyo nzito kidogo kidogo. Ukitaka kijani, weka njano kwanza, halafu buluu tone kwa tone. Ukifanya kinyume utamaliza njano yote ya kambi ukitafuta kijani cha majani ya chai. Koroga polepole kwa kijiti bapa, dakika tano hivi, bila kupiga kama mayai, maana povu likiingia litaacha vitundu kwenye maandishi. Wala usihukumu rangi ikiwa mtungini. Paka kidogo kwenye kipande cha kitambaa kilekile utakachochapa, kikauke, kipigwe pasi, ndipo utazame nje kwenye mwanga wa mchana.

Na maji ya kuongeza? Machache sana. Wino ukiwa mzito mno, nusu kijiko kwa vijiko 10 inatosha. Ukizidisha maji, wino unapita chini ya karatasi ya maandishi na herufi zinatokwa na ndevu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kidimbwi au ya ziwa yana vijidudu, na wino uliofunikwa nayo kwa wiki mbili unanuka kama samaki waliosahauliwa. Mtungi wa mayonezi wenye mdomo mpana unatufaa sana. Kabla ya kufunga, weka kitambaa chenye unyevunyevu chini ya kifuniko. Kule tulikotoka tungefunga kwa mfuko wa plastiki, lakini hapa Rwanda mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2008, na msije mkasema Kona ya Mikono ndiyo iliwafundisha.

Fulana nazo zina tabia zake. Wino huu wa kawaida unapenda pamba. Iliyochanganywa pamba na poliesta inakubali kiasi. Jezi za mpira wa miguu, zile laini zinazong'aa, ni poliesta tupu, na hatuwashauri. Kama hujui uliyonayo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Fulana mpya zifuliwe kwanza, kwa sababu zinatoka kiwandani na dawa ya kukazia kitambaa, na wino hauwezi kuingia pale. Mtatuuliza kuhusu caguwa. Caguwa inafaa sana, imekwisha fuliwa mara nyingi. (Watoto waliotuuliza neno hilo linatoka wapi: ni Kiswahili chetu, "chagua", limevaa nguo za Kinyarwanda.) Ila siyo rahisi kama zamani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Ni mambo ya wakubwa, lakini yanafika mpaka hapa: fulana ikiharibika mikononi mwetu, kupata nyingine si jambo la kwenda tu sokoni.

Kuhusu fremu hatutasema mengi, tulikwisha ionyesha darasani. Ni mbao nne, na kitambaa cha poliesta kilichowambwa mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Kitambaa maalumu cha kazi hii kina nyuzi 43 hadi 55 kwa kila sentimita. Sisi tuna pazia jepesi, linatosha kwa herufi kubwa. Wenzetu wa zamani walitumia hariri. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, aliandikisha haki ya kuchapa kwa hariri iliyowambwa kwenye fremu. Faida ya wavu utaiona ukikata herufi O. Kile kiduara cha katikati kingeanguka, lakini hapa kinashikwa na wavu na kukaa mahali pake. Herufi zetu tunazikata kwenye filamu za zamani za eksirei. Karatasi ya kawaida inalowa na kulegea kabla hujamaliza fulana zote. Iko pia njia ya dawa inayogandishwa na jua. Baadhi ya dawa hizo zina kemikali ya kromu ambayo ni sumu kwa ngozi na mapafu, kwa hiyo darasani kwetu haiingii.

Tuje kwenye kuchapa, na hapa wino wa maji unaonyesha ukorofi wake. Maji yanayotusaidia mtungini yanatukimbia kwenye wavu. Ukisimama dakika tatu kuongea na jirani, wino umekauka ndani ya vitundu, na fulana inayofuata itatoka na herufi zenye mapengo. Mwezi wa Juni, mvua ikiisha na upepo mkavu ukianza, ni vibaya zaidi, na kwa wenzetu wa chini Bugarama kwenye joto lile ndiyo usiseme. Dawa yake ni kupanga watu. Mmoja anatandika fulana, mmoja anachapa, mmoja anaondoa na kuanika, na hakuna anayeitwa nje. Kila ukimaliza kuchapa, inua fremu kidogo, upitishe wino juu ya wavu mara moja bila kukandamiza, ili vitundu vikae vimefunikwa. Nusu kijiko cha gliserini ya duka la dawa kwenye vijiko 20 vya wino inachelewesha kukauka. Usizidishe, maana fulana nazo zitabaki zinanata. Weka sarafu mbili mbili chini ya pembe za fremu, wavu usilale moja kwa moja juu ya kitambaa, uguse tu pale unapopita mpira wa kukokotea wino. Kokota mara moja, kwa nguvu iliyo sawa, ukiwa umeinamisha mkono. Ukirudia mara tatu, nne, herufi zitavimba.

Ukimaliza, usiende kula kwanza. Kwangua wino uliobaki urudi mtungini, futa wavu kwa sponji mbichi pande zote mbili, ndipo utumie maji. Kwa mpango huo bidoni moja inatosha, na mnajua foleni ya maji ilivyo. Maji machafu yasimwagwe kwenye mfereji unaoteremka bondeni. Neno "maji" kwenye jina la wino halina maana kwamba unanyweka, gundi ile ni plastiki vilevile. Acha yatulie kwenye ndoo mpaka kesho, mwaga yale meupe ya juu kwenye shimo la maji machafu, na tope lililobaki likauke juani ndipo liende jalalani.

Sasa turudi kwa ile "pamoja" iliyopotea.

Mwanzoni tulilaumu wino. Tukasema tumeuziwa kitu kibovu. Lakini mmoja wetu akauliza swali la kitoto: kama wino ni mbovu, kwa nini "tuko" ilibaki? Ulikuwa mtungi uleule, siku ileile, mkono uleule. Tukachukua meza ndogo tuliyopigia pasi, tukaitandika fulana moja kama tulivyofanya siku ile, na jibu likawa mbele ya macho. Meza ni fupi. Mstari wa juu ulilala katikati yake vizuri, wa chini ulifika ukingoni na nusu yake ikaning'inia. Pasi ilikaa juu, ikishuka chini inapita haraka isianguke. Na jioni makaa yalikuwa yamepungua, tukawa tunapita harakaharaka zaidi kwa sababu sherehe ilikuwa kesho. "Tuko" ilipata joto. "Pamoja" ilipata upepo.

Wino mwingi wa namna hii unataka nyuzijoto 150 hadi 160 kwa dakika kama tatu, na maelekezo yaliyobandikwa mtungini ndiyo ya kufuatwa kama yanasema vingine. Pasi ya makaa haina kipimo. Tunadondosha tone la maji chini ya pasi: likikaa na kuchemka polepole, joto halijafika, likiruka na kukimbia, liko tayari. Tunaweka karatasi safi juu ya maandishi, kwa sababu wino usishike pasi, na pia kwa sababu ya majivu yanayotoka kwenye matundu yake. Karatasi ikianza kuwa kahawia, joto limezidi. Pasi haifuniki neno zima, kwa hiyo kila sehemu inahesabiwa dakika zake, ukisogeza kidogo kidogo, usiache mahali pamoja pakaungua. Sisi tunafanya dakika tano kila sehemu, kwa kuwa makaa hayaaminiki. Kisha tunageuza fulana na kupiga upande wa ndani pia.

Na kabla ya pasi, fulana iwe imekauka kabisa. Hili tulikuwa hatulijui. Ndizi yenye maji ukiitia kwenye mafuta, kwanza yanapiga kelele, hakuna kinachokaangwa mpaka maji yaishe. Na hapa ni vilevile: wino ukiwa na unyevu, joto lote la pasi linatumika kufukuza maji, dakika zako zinaisha na gundi haijalainika. Msimu huu wa mvua tunaanika ndani usiku mzima. Baada ya pasi tunaacha siku tatu bila kufua.

Tumekwisha jaribu. Vitambaa vitatu vilivyopigwa pasi vizuri tumevifua kwa sabuni ya kipande mara sita, kwa kusugua, siyo kwa kubembeleza. Maandishi yako. Cha nne tulikiacha bila pasi makusudi: mara ya kwanza tu maji yakawa buluu. Vyote vinne vimetundikwa ukutani darasani, pita uvishike kwa mkono wako. Mama yule wa "pamoja imeenda wapi" alikuwa wa kwanza kuja. Alikichukua kimoja, akakitia mate, akakisugua kwa kidole gumba muda mrefu, halafu akakirudisha kwenye msumari bila kusema kitu. Kesho yake alituletea meza ya kwake, ndefu.

Fulana 36 tutaanza kuzichapa Jumamosi ya kwanza ya Juni, kumi na mbili kwa siku, siyo zote kwa mara moja. Tunahitaji pasi mbili za makaa za kuazima, makaa, na vijana wanne wasiochoka kuhesabu dakika. Yeyote mwenye fulana ya mwaka jana iliyofutika ailete siku hiyo ikiwa imefuliwa na kukauka, tutachapa neno la pili upya bila malipo. Maswali mtuletee darasani Jumatano baada ya saa nane mchana.